Achague lile ambalo mafundi hawajalikoroga

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: “Kijana ana akiba yake na moyo wake uko kwenye gari la michezo lililotumika. Achague lipi, na alikague vipi kabla hajatoa hela?” Mimi nauza spea za magari hapa Chikongola, Mtwara mjini, kwa hiyo magari haya nayaona kwa upande usioonekana kwenye tangazo. Nayaona yanaporudi. Jibu langu la haraka: achague lile ambalo mafundi hawajalikoroga kwa kulibadilishabadilisha, hata kama nguvu zake ni pungufu ya alizoziota. Yanayofuata ni namna ya kulitambua.

Vijana wa huku wakitaja gari la michezo, mara nyingi wanamaanisha Toyota Altezza. Ilitoka Japani mwaka 1998, utengenezaji ukakoma 2005, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Ziko mbili zinazofanana sura. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, nguvu ya farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, farasi 160 tu. Kila anayeingia dukani anaitaka RS200. Mimi nawaambia wachukue AS200, na najua wakitoka nje wananicheka. Sababu iko kwenye rafu zangu. 1G-FE ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110 na Verossa, kwa hiyo pampu ya maji, koili, sensa na gasiketi zake zipo hapa, na zisipokuwepo zinashuka na basi kutoka Dar. 3S-GE ya Altezza ni habari nyingine. Watu wananiletea kifaa cha 3S ya RAV4 wakiamini kitaingia kwa sababu jina linaanza sawa. Hakiingii, hedi ni tofauti kabisa. Tena ile injini ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao Japani, na mkanda wake wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, ukikatika, vali zinagonga pistoni.

Beji ya RS200 ni plastiki na gundi tu, yeyote anaweza kuibandika. Namba ya chesisi ndiyo ya kuamini. Silinda nne inaanza na SXE10, silinda sita inaanza na GXE10. Isome kwenye chuma chenyewe, ule ukuta kati ya injini na kabini, kisha ulinganishe na kadi ya usajili wa gari.

Nyingine nitazipitia haraka. Celica ya mwisho, iliyokoma 2006, si mbaya hata kidogo kama ina injini ya 1ZZ, kwa kuwa injini hiyo imo kwenye Allion na Premio za mwanzo za cc 1800. Ila zilizotengenezwa kabla ya 2002 zina tabia ya kunywa oili, basi chomoa kijiti uone kiwango chake. Subaru Impreza WRX ni gari tamu, na anayelitaka namwelewa, lakini silinda za injini yake zimelala ubavu, kubadilisha plagi tu ni kazi, na aliyewahi kuliendesha oili ikiwa chini amekuachia beringi zinazogonga. Mazda MX-5 ni ya watu wawili na paa la turubai. Vijimfereji vya maji ya paa vikiziba, maji yanaozesha ubavu wa chini kutokea ndani. Mazda RX-8 sitaki hata kubishana juu yake. Ni injini ya rota, haina pistoni, inachoma oili kwa makusudi ili mihuri yake isikauke, na kipimo cha kawaida cha kompresheni hakiifai. Fundi wa kuijua vizuri sijamwona Mtwara. Ukikutana nayo kwa bei ya pikipiki, ujue ndiyo maana.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, na umwambie mwenye gari usiku uliotangulia asiliwashe kabisa. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, amekwishaliwasha ili limalize moshi na kelele zake kabla hujafika, na hilo pekee limekwambia mengi. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani. Ukiona kitu cheupe kama uji, maji na oili vimekutana. Fungua na rejeta, ukitafuta utando wa mafuta juu ya maji. Halafu aliwashe yeye, wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosti. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji yanaingia kwenye silinda. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutie hofu.

Boneti ikiwa wazi, tafuta stika ndogo ya Kijapani. Gereji nyingi za kule zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika yenye tarehe na kilomita, na wauzaji wa huku hawaibandui kwa kuwa hawaisomi. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya mfalme wao. Ukiona H22, jumlisha 22 na 1988 upate 2010. Stika ikisema mkanda ulibadilishwa 2010 gari likiwa na kilomita 98,000, na dashibodi leo inasoma 85,000, huhitaji mashine yoyote kujua kilichofanyika. Kama stika haipo, tazama ngozi ya usukani, raba ya pedali ya breki, na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya eabegi na ya ABS zote lazima ziwake; ya eabegi na ya ABS huzimika zenyewe baada ya muda mfupi, ya injini huzimika injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa, kwa sababu wapo wanaong'oa balbu ili msiulizane. Kupima kwa kompyuta ni vizuri, lakini makosa hufutwa kwa kompyuta hiyohiyo nusu saa kabla hujafika, kwa hiyo pima tena baada ya kuliendesha.

Hapa niseme kuhusu kukorogwa. Gari la kawaida huharibiwa na uzembe. Gari la michezo huharibiwa na mapenzi. Mwenyewe anakata springi kwa grenda ili lilale chini, anatoboa ekzosti lipige kelele, anafunga filta ya wazi, anabadilisha taa, na kila fundi anakata waya mmoja na kuuunga kwa selotepu. Ingia uvunguni utazame koili ya springi inapoishia. Ya kiwandani ina mwisho laini wenye rangi, iliyokatwa ina ncha ya chuma kitupu. Tazama sampu ya oili, maana matuta ya mitaa yetu hayamhurumii aliyejishusha. Tazama matairi. Yakiwa yamelika upande wa ndani tu, miguu ya gari imekaa vibaya. Zile tarakimu nne pembeni ya tairi ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kisha muulize mwenye gari swali moja: vifaa vya kiwandani viko wapi? Aliyehifadhi springi na ekzosti za mwanzo nyumbani ni mtu wa kumsikiliza. Anayesema alimwachia fundi, mpunguzie imani na umpunguzie bei.

Mikono ya fundi rangi nayo itafute. Chukua sumaku ndogo, ivishe kitambaa isikwaruze, uipitishe kwenye milango na fenda. Pasipovuta, kuna puti nene. Usikimbilie kumwita mtu mwizi kwenye boneti ya MX-5 au RX-8, hizo ni za alumini. Tazama vichwa vya nati zinazoshika fenda na bawaba za boneti. Rangi ikiwa imekwanguka kwenye kona, spana imepita hapo. Vioo vyote viwe vya chapa moja.

Kwa sisi wa pwani kuna mkono mwingine, wa bahari. Gari lililolala Shangani miaka kadhaa upepo ukilipiga linaweza kung'aa juu na kuliwa chini. Lipandishe kwenye shimo la gereji au jeki nne imara, upige kwa mpini wa bisibisi kingo za chini ya milango, matao ya matairi ya nyuma, na pale zinaposhikia shokapu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu au kinabonyea. Rangi nyeusi mpya ya uvunguni, inayonuka bado, mimi huiona kama pazia. Muulize pia kama gari limefika Msimbati. Ufukwe ule unapitika kwa gari, na vijana hawawezi kujizuia kwenda kupiga picha huku mawimbi yanarusha maji ya chumvi kwenye breki na uvungu. Akikuonyesha picha hizo kwa fahari, shukuru umepata ushahidi bure.

Jambo jingine la kwetu, ambalo mwandishi wa Dar hawezi kuwaambia, ni salfa. Buti la Altezza ni kubwa kiasi, na msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, mifuko ya salfa hupanda gari lolote lililo karibu. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, tazama kwenye kona za lile shimo. Unga wa njano ukikutana na unyevu unaharakisha kutu, na shimo la tairi la akiba ndiko unyevu unakojificha. Hapohapo utafute na alama za mafuriko. Magari ya barabara ya Kibiti hadi Lindi yamepita kwenye maji mengi, hasa mwaka 2024, mvua zilipofurisha Rufiji na baadaye kimbunga Hidaya kikakata barabara mwezi wa tano. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Sehemu ile isiyovutwa kila siku ndiyo huhifadhi mstari wa tope.

Kuliendesha, usikubali kuzunguka soko tu. Shika barabara ya Mikindani. Lami inatosha kusikia difu ikilia, kona za kando ya ghuba zinatosha kuonyesha bushi na boljointi zilizochoka, na vijijini kuna alama za 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo, kwa hiyo hutashawishika kulijaribu kijinga. Gia za mkono, teremsha kutoka ya tatu kwenda ya pili usikie kama inasaga. Klachi, weka gia ya nne mwendo mdogo kisha kanyaga mafuta. Injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Otomatiki, kama ina kijiti cha mafuta ya gia, kichomoe. Meusi yenye harufu ya kuungua, rudisha kijiti taratibu na uage. Ukirudi liache likiunguruma limesimama, ukitazama mshale wa joto huku eakondishena imewashwa. Joto la Mtwara mchana ni kipimo kizuri kuliko gereji nyingi.

Karatasi hazina mjadala. Kadi halisi mkononi, si kopi. Ukiambiwa “kadi iko kwa mtu, nitaichukua ukilipa”, jua gari limewekwa rehani. Namba ya injini ilingane na kadi, kwa sababu magari haya hubadilishwa injini sana, na injini ikibadilishwa kadi nayo inatakiwa kurekebishwa TRA, mamlaka ya mapato. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, ziangalieni pamoja kabla ya kulipana.

Kuhusu bei, usinunue wakati minada ya korosho inalipa. Hela zikiwa mitaani kila gari ni “bei ya mwisho, mdogo wangu”. Subiri mikorosho ikiwa maua, watu wanatafuta hela ya shamba na ada, uone wenyewe wanavyokupigia simu. Na usilipe akiba yote. Mkanda wa taimingi, oili zote, pedi, na matairi manne vihesabu ndani ya bei tangu siku ya kwanza, hata muuzaji akiapa vimebadilishwa juzi.

Wapo watakaosema afadhali kuagiza moja kwa moja Japani. Faida yake naijua. Karatasi ya mnada inaonyesha daraja la gari, na ikiandikwa R lilishapata ajali likatengenezwa. Lakini Altezza ya mwisho ni ya 2005, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka kumi unavuruga hesabu ya kijana mwenye akiba ya kawaida. Wengi watabaki na yaliyomo nchini, na yale yaliyomo Mtwara na Lindi si mengi kiasi cha kutojulikana. Ukipata tangazo la Altezza, andika rangi na namba yake, pita dukani kabla ya kwenda kuliona. Majina ya wateja sitaji. Lakini kama gari hilo nimeliuzia ringi za pistoni mwaka huu, hilo nitakwambia.

Muuza spea,
Chikongola, Mtwara