Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini huo mkopo

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma na nimeona nikujibu kwa kirefu maana kwenye simu huwa unanikatisha. Umeniuliza hivi: mauzo ya duka lako la vifaa vya ofisi yamefika mara mbili ya mwaka jana, wateja wameongezeka, lakini kila ikikaribia tarehe ya mshahara unaanza kuhangaika hela ya kuwalipa hao vijana wawili utaitoa wapi, na sasa benki wamekukubalia mkopo wa miezi 12, je usaini?

Usisaini kwanza. Mikopo siichukii, nimekaa kwenye uhasibu miaka mingi na nimeona watu wameinuka kwa mikopo, ila wewe umeniambia hela haipo tu, hujaniambia imeenda wapi. Mpaka ujue imeenda wapi huwezi kujua kama mkopo utaziba hilo tundu au utapita humohumo.

Mi nahisi najua ilipo lakini ngoja nikupigie hesabu, namba ni za kubuni tu usianze kubishana nazo. Chukulia unauza mzigo wa 1,000 kwa mwezi, wote kwa mkopo, na wateja wanalipa baada ya siku 60. Kuupata huo mzigo pamoja na gharama zako zote zinakutoka 800 na hizo unazitoa keshi, maana anayekuuzia kwa jumla hataki stori na mwenye nyumba naye hataki stori. Kwenye karatasi una faida ya 200 kila mwezi, safi kabisa. Sasa angalia mfukoni: mwezi wa kwanza zimetoka 800, wa pili zimetoka 800 nyingine, jumla 1,600 ziko nje na hujashika hata senti ya mteja. Haya, biashara ikakua, unauza 2,000 kwa mwezi na kila kitu kimeenda mara mbili. Ile hela inayotakiwa ikae nje muda wote imetoka 1,600 imekuwa 3,200. Hiyo 1,600 ya nyongeza nani ameitoa? Umeitoa wewe, kidogo kwenye pango, kidogo kwenye mshahara wa vijana, kidogo kwenye matumizi ya nyumbani kwako, ndio maana unahisi kama kuna mtu anakuibia na hakuna aliyeiba. Na faida yako mpya ni 400 kwa mwezi, kwa hiyo kuirudisha hiyo 1,600 ni miezi 4 mizima na hapo wewe mwenyewe hujala kitu.

Watu wanadhani biashara inayokufa ni ile haina wateja, kumbe nimeona zikifungwa huku oda zinaingia. Kukua kunakula keshi, hasa ukikua kwa kukopesha.

Kwa hiyo ukichukua huo mkopo leo, nikwambie utakachokuwa unafanya: wateja wako wamekopa kwako, wewe umekopa benki kwa niaba yao, na riba unalipa wewe. Wao hata asante hawatasema kwa sababu hawajui.

Alafu hiyo riba yenyewe hujaniambia inahesabiwaje na nina uhakika hukuuliza. Waulize swali moja tu, riba inapigwa kwenye salio linalopungua, yani deni lililobaki kila mwezi, au inapigwa kwenye mkopo wote mpaka mwezi wa mwisho? Maana ukikopa 1,200 kwa asilimia 12 ya mkopo wote, utalipa riba 144, marejesho 112 kila mwezi, na unaona kama ni asilimia 12 kweli. Ila kumbuka kila mwezi unarudisha sehemu ya hela yao, ukifika katikati ya mwaka umebaki na kama nusu tu mkononi na bado unalipia yote. Ukiipiga kwenye salio linalopungua hiyo ni asilimia 21 na kitu kwa mwaka. Bado hujaweka ada ya fomu, ada ya bima na hizo ada zingine ndogondogo, ambazo nazo zinakatwa juu kabisa kabla hela haijafika kwako.

Sasa cha kufanya. Funga duka mapema siku moja, kaa na hao vijana, mhesabu kila kitu kilichomo ndani, kisha uandike nani anakudai na nani unamdai. Kuna mtawa mmoja wa Italia anaitwa Luca Pacioli, mwaka 1494 ndio alichapisha kule Venice maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa ule mji walivyokuwa wanatunza hesabu zao (hakubuni yeye, alikuta wanafanya, ila sifa kapewa yeye, ndio dunia), na kitu cha kwanza anachomwambia mfanyabiashara ni aorodheshe mali zake zote na madeni yake yote kabla hajaandika muamala hata mmoja. Ni miaka zaidi ya 500 na bado mtu anakimbilia benki hajui ana boksi ngapi za karatasi stoo.

Kwenye hesabu ya stoo utakuta vitu havijaguswa miezi na miezi. Wino wa printa za zamani ambazo hakuna mtu anazo tena, utaukuta, naweza kuapa. Uza kwa hasara ukibidi, usiuonee huruma, hiyo ni keshi imekaa kwenye shelfu inavuta vumbi.

Wanaodaiwa ndio kazi yenyewe ilipo. Wapange kwa umri wa deni, hawajafika siku 30, wa 31 mpaka 60, wa 61 mpaka 90, na waliopitisha 90. Usiwapange kwa ukubwa wa deni wala kwa nani unamuogopa. Kadiri deni linavyozeeka ndivyo linavyokuwa gumu kulipwa, hiyo muulize mhasibu yeyote, kwa hiyo unaanza na hao wa chini kabisa, waliopitisha 90. Na mwanangu, nakujua, wewe ukidai unaona aibu, unaanza na samahani. Huombi msaada pale. Nenda ukijua jambo moja, kwenye ofisi kubwa anayeagiza vitu sio anayelipa. Yule dada anayekupigia simu kila siku akitaka karatasi hana uwezo wowote kwenye malipo, unamsumbua bure na unaharibu urafiki. Mtafute mtu wa malipo kwenye uhasibu wao, muulize ankara yangu mnayo? ina kila kitu? Mara nyingi utaambiwa haina namba ya oda, au haikuambatanishwa na karatasi iliyosainiwa kwamba mzigo umepokelewa, kwa hiyo ilikaa pembeni tu hakuna aliyeigusa na hakuna aliyekwambia. Mi nilikuwa upande huo wa kulipa, nakwambia kitu nilichokiona, ankara iliyokamilika inaenda na kundi la malipo, yenye kasoro inasubiri mpaka mwenyewe aje aulize. Na hao wana siku zao za kulipa, ukichelewesha karatasi kwa siku moja umesubiri mzunguko mwingine mzima. Ukijua siku zao unapiga simu kabla haijafika tarehe, unauliza kwa upole tu kama kuna kitu kinakosekana. Hapo hujadai mtu.

Kwa wateja wapya badilisha masharti kuanzia sasa. Oda kubwa wakupe kianzio, angalau kile kitakachokutosha kununulia mzigo. Wengine watakataa, sawa, waache waende. Usije ukawabembeleza kwa punguzo maana punguzo nalo lina hesabu zake: kitu unachouza 100 kimekugharimu 70, unabaki na 30, ukipunguza asilimia 10 unauza 90, unabaki na 20. Ili upate faida ileile inabidi uuze nusu zaidi ya unavyouza sasa, yani vile 10 viwe 15. Na wewe umeshasema hela ya kununua hivyo 10 yenyewe ni shida.

Haya tuje kwa huyo rafiki yako uliyemwajiri, maana umeandika mstari mmoja tu kumhusu na mi naona ndio ulitaka kuuliza hilo. Umesema anawapa watu vitu kwa mkopo bila kukuuliza na unashindwa kumwambia kwa sababu mmetoka mbali. Baba, ulimwambia mwisho wake uko wapi? Kama hukumwambia basi kijana anafanya alichodhani ndio kazi, mteja kaja, hana hela leo, ni mteja wa siku zote, kampa. Mi nisingemgombeza. Ningeandika karatasi moja, nani anaruhusiwa kukopeshwa, mpaka kiasi gani, kwa siku ngapi, na mwenye deni lililopita muda hapewi kitu kipya hata awe nani, kisha ningeibandika upande wa ndani wa kaunta. Mteja akilalamika kijana anaonyesha karatasi, anasema bosi kaandika, na wewe unakuwa ndio mbaya, kitu ambacho ndio kazi ya mwenye duka. Baada ya hapo akirudia tena hapo mnaongea lugha nyingine, na mnaongea mkiwa wawili, mwenzake asisikie. Urafiki wenu uwekee mipaka muda wa kazi, hata namna ya kuitana, maana yule mwingine anaangalia na anapima nani anapendelewa.

Na mshahara. Hao vijana tarehe yao ikifika walipwe kabla yako na kabla ya mzigo mpya. Ukiona kabisa haitatosha waambie wiki moja kabla, kwa mdomo wako, useme kiasi gani watapata tarehe ngapi na kilichobaki lini. Usiwaache wagundue siku yenyewe, na usijifiche eti simu imeisha chaji. Mtu aliyeambiwa mapema anaweza kuongea na mwenye nyumba wake, asiyeambiwa anaanza kutafuta kazi nyingine muda wa kazi yako. Makato yao ya kodi na ya mafao ukishayakata usiyaguse, hiyo hela hata ikilala kwenye akaunti yako sio yako, na ile kodi ya mauzo unayomtoza mteja kwa niaba ya serikali ni vilevile. Ifungulie akaunti yake kabisa, ukiichanganya utaila, kila mtu anaila.

Wewe nawe jiwekee mshahara. Mdogo, wa tarehe moja, basi. Hii ya kuchomoa kwenye droo kila ukipita usinitetee.

Ukimaliza hayo yote chora jedwali la wiki 13 zinazokuja, kila wiki andika hela unayotegemea iingie na hela ambayo lazima itoke, na salio la mwisho wa wiki. Ya kuingia iandike kwa tarehe ambayo mteja huwa analipa kweli, achana na ile aliyoahidi. Ukiona kuna wiki mbili tatu tu zenye shimo halafu panajaa tena, unaweza kumuomba anayekuuzia kwa jumla akupe siku 30, umeshakuwa mteja wake mzuri na pengine hujawahi hata kumuuliza, na hiyo haina riba. Ukiona shimo linaendelea wiki zote 13 na linazidi kuchimbika, basi huenda bei zako hazilipi gharama na mkopo hautakusaidia, utachelewesha tu. Na ukikuta oda imethibitishwa kwa maandishi, mteja analipa vizuri, ila huna mtaji wa kununua mzigo wake, hapo sasa kopa, kiasi cha hiyo oda tu, na ulipe ikilipwa. Hapo hata mi nitakuja kusaini udhamini.

Benki waambie unahitaji muda kidogo. Wakikwambia ofa inaisha kesho usishtuke, kazi yao ni kukopesha, watakupigia tena wenyewe.

Nitumie orodha ya wanaodaiwa ukishaipata, hata ukiipiga picha kwenye daftari inatosha, ila usiipunguze ili nisishtuke. Na hao waliopita siku 90 weka na jina la mtu wa malipo kwenye kila ofisi, kama hulijui acha wazi nione ni wangapi huwajui.

Mama