Gereji Imebaki Tupu, Naweza Kuzalishia Samaki wa Mapambo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi niko Najjera, nje kidogo ya Kampala, gari niliuza na gereji imekaa tu inajaa masanduku na baiskeli za watoto. Ni mita 3 kwa 6, mlango wa chuma, juu hamna dari, ni mabati moja kwa moja. Nina samaki aina ya gapi na enjeli sebuleni, wanazaa mpaka mama watoto ameanza kununa, sasa nimeamua kuwahamishia gereji, niweke matangi 40 ya lita 54 kila moja nizalishe niuzie maduka ya mjini. Fundi wa kuchomelea ananisubiri nimpe vipimo vya rafu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Najjera*

JIBU: Ndugu yangu, huyo fundi mwambie angoje kwanza, rafu ndo kitu rahisi kuliko vyote humo ndani. Tupige hesabu ya maji. Lita 54 mara 40 ni lita 2,160. Samaki wa kuzalisha wanalishwa sana na wanachafua sana, kwa hiyo kila wiki unabadilisha angalau asilimia 30 ya maji, hapo tunaongea kama lita 650. Jerikeni 32 zinatoka na 32 zinaingia, kila wiki, hata wiki ya Krismasi, hata wiki umelala na malaria. Kwa mikono huwezi. Nimeona vyumba vingi vikifungwa na karibu vyote vilianzia hapo, mwenyewe anachoka, maji yanachelewa wiki moja, mbili, samaki wanaanza kufa mmojammoja afu watu wanasema biashara ya samaki haina faida.

Kwa hiyo anza na matangi 12, na kabla hujanunua hata moja jua maji yatatokea wapi na yataingilia wapi.

Ya kutoka: sakafu za gereji nyingi zimeinamia mlangoni ili maji yasikae ndani, tumia huo mwinamo. Tengeneza mfereji mwembamba kando ya ukuta, uishie kwenye bomba la inchi 2 linalopeleka maji nje, na kama una migomba nyuma ya nyumba ielekeze huko, maji ya samaki yana naitrojeni na matoke yanayapenda kweli. Siku ya kubadilisha maji unatumbukiza mpira wa maji kwenye tangi, unavuta, unaushusha mferejini, unahamia tangi lingine, hakuna ndoo.

Ya kuingia: weka drumu kubwa za plastiki humohumo gereji, mbili za lita 200 zinatosha kwa matangi 12 maana wewe utahitaji kama lita 195 kwa wiki. Maji ya bomba yana klorini, yajaze kwenye drumu siku moja kabla, tia jiwe la hewa, kile kijiwe cha kutoa mapovu, lichemke humo usiku kucha klorini itoke. Faida ya pili ni kwamba maji yanafikia joto la chumba, kwa hiyo samaki hawashtuki. Kesho yake pampu ndogo ya kuzamisha na mpira, unajaza. Maji ya mvua ni mazuri lakini ni laini mno, hayana madini ya kushikilia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwa hiyo inaweza kuporomoka ghafla, changanya na ya bomba. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiikinge kabisa, hiyo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege vilivyokaa juu ya mabati. Mabomba yote yawe ya plastiki, shaba na mabati yaliyopakwa zinki viache kwa kazi zingine.

Sasa hayo mabati ya juu. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, usiku joto linashuka mpaka nyuzi 17 au 18, na mabati bila dari mchana yanachoma na usiku yanagandisha. Gapi atavumilia, nyuzi 22 mpaka 28 kwake sawa, ila enjeli akitakiwa kutaga anataka 26 mpaka 28 na zisiyumbe. Watu wanakimbilia kununua hita kila tangi. Zile 40 zako hata kwa wati 50 tu ni wati 2,000, hiyo bili utailipa kwa samaki gani? Pasha chumba, si matangi. Weka dari, juu yake tandaza vipande vya ile foamu nyeupe ngumu inayofungia televisheni, mlango wa chuma nao uvishwe hiyohiyo kwa ndani. Joto linapanda juu, kwa hiyo enjeli na vifaranga kaa nao rafu ya juu, gapi chini, na hita chache weka tu kwenye matangi ya kutagia. Dari iwe ya plastiki maana unyevu wa chumba cha samaki unaozesha jipsamu mpaka inakuangukia. Kila tangi lifunikwe na glasi, ukutani acha matundu mawili ya hewa yenye wavu wa mbu.

Haya, muite fundi. Engo za chuma zipakwe rangi vizuri, ngazi mbili tu, kwa sababu tangi usilolifikia bila stuli ni tangi usilolisafisha. Matangi 8 kwenye rafu moja ni kilo 432 za maji peke yake, bado glasi, lakini sakafu iliyobeba gari haitalalamika. Asichome miguu yote urefu mmoja, si umesikia sakafu imeinama? Apime kwa pima maji hapohapo gereji. Chini ya kila tangi foamu nyembamba, glasi ikikalia chuma kitupu ipo siku itapasuka.

Filta usinunue 12. Pampu moja kubwa ya hewa, bomba la PVC linazunguka chumba chote na kurudi lilipoanzia ili presha iwe sawa kila mahali, kila tangi valvu yake na filta ya sponji. Pampu ikae juu kuliko maji, vinginevyo umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka ndani ya pampu. Na hili shika sana: hiyo pampu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Mtu akipuliza dawa ya mende gereji, au hata kwenye korido iliyo jirani, umelisha matangi yote sumu kwa mpigo. Dawa nyingi za wadudu zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Waambie wote nyumbani, na dada wa kazi mwambie mara mbili.

Kuhusu kuhamisha, wewe una bahati. Tangi jipya linataka wiki 4 mpaka 6 bakteria wakue wa kugeuza amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kuwa naitraiti afu naitreti. Wewe weka sponji mpya kwenye matangi ya sebuleni mwezi mzima kabla, zikishachafuka zipeleke gereji pamoja na samaki wachache, ongeza polepole. Enjeli usimuweke na gapi, anakula vifaranga vyote na baba yao akimtosha mdomoni.

SWALI: Mzee, sisi tuko Jinja karibu kabisa na bwawa la Nalubaale lakini umeme kukatika ni kawaida. Chumba changu kina matangi 10, juzi tumekaa giza usiku mzima nimepoteza enjeli wakubwa. Ninunue jenereta?
*Kijana wa Walukuba*

JIBU: Pole sana kijana. Jenereta mimi siipendi kwa kazi hii, inataka mtu aamke saa nane usiku aiwashe, na ukiiweka ndani ya gereji moshi wake unaua watu kabla ya samaki, hiyo usijaribu hata mlango ukiwa wazi.

Kilichokuulia samaki ni kukosa hewa. Baridi ya usiku mmoja enjeli mzima anaivumilia, maji yenyewe yanachelewa kupoa, ila tangi lenye samaki wengi likikosa hewa masaa kadhaa samaki wanapanda juu kuhema, na bakteria walio kwenye sponji nao wanaanza kufa. Kwa hiyo hewa peke yake ndo uiwekee betri, hita ziache. Pampu ya wati 20 ikifanya kazi masaa 12 inakula wati-saa 240. Betri ya sola ya volti 12, amp-saa 100, ina kama 1,200, na hata ukitumia nusu tu ili isife mapema bado unavuka usiku mzima na asubuhi. Tafuta pampu ya volti 12 moja kwa moja, iunge kwenye betri, paneli au chaja iwe inaijaza, haihitaji mtu wa kuamka.

Umeme ukikatika usilishe kabisa mpaka urudi, samaki mwenye njaa anatumia hewa kidogo. Na kwa vile tunaongea umeme na maji: soketi ziwe juu ukutani, kila waya ulegee na kushuka chini ya soketi kwanza ndo upande, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kuingia ndani. Mwambie fundi wa umeme akufungie breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30. Hiyo usiibanie pesa.

SWALI: Kaka, mayai ya enjeli wangu yanageuka meupe, yanayoanguliwa wanaogelea siku mbili tatu wanakufa wote. Nawapa chakula cha wakubwa nilichosaga laini.
*Dada wa Arua*

JIBU: Dada yangu, meupe ni ukungu au hayakurutubishwa, hakikisha una dume na jike kweli maana majike mawili nayo yanataga pamoja. Hamisha kipande walichotagia kwenye tangi dogo lenye maji yaleyale, hewa ipite karibu, na matone machache ya metilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu.

Wanaokufa ni njaa. Enjeli mchanga anataka kitu kinachocheza, unga haumwambii kitu. Angua mayai ya artemia, vile viduduvidudu vya maji ya chumvi, gramu 25 za chumvi kwa lita, hewa kali, joto nyuzi 26 mpaka 28, kwa joto la Arua siku moja hivi wametoka. Suuza chumvi, lisha kidogo mara tatu nne kwa siku. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri cha wakubwa na ni bure, lakini ukivifuga kwenye ndoo wazi unazalisha mbu, na majirani zako wana haki ya kukasirika.

SWALI: Naweza kuzalisha nkejje, wale samaki wetu wadogo wa Ziwa Victoria, badala ya hawa wa kigeni?
*Msomaji, Masaka*

JIBU: Unaweza, na mimi ningefurahi sana, wengi wetu tunawajua wakiwa wamekaushwa kwenye kijiti tu. Jike anabeba mayai mdomoni wiki mbili mpaka tatu bila kula, wakati huo mtenge peke yake. Aina moja kwa tangi moja, majike yanafanana mno na wakichanganyika wanazaa chotara wasio na thamani. Baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950, aina nyingi za nkejje zilipotea, kwa hiyo aina safi yenye kumbukumbu ya ilikotoka ni mali. Kabla ya kuvua au kuuza muone afisa wa samaki wa wilaya yako kwa ajili ya kibali. Na waliozidi usiwarudishe ziwani, uza, gawa, au kaanga.

Mlioniuliza kambare ni wengi, hao tutawafanyia toleo lao, ila gereji moja na enjeli hapana.