Tuzalishe ndoo ngapi kabla ya kubadilisha moldi?

Swali: Ninasimamia uzalishaji katika kiwanda kidogo cha vyombo vya plastiki. Mashine moja hutengeneza ndoo, mabeseni na majagi, na kila tukibadilisha moldi (kalibu inayoipa plastiki umbo) inasimama saa 3. Mkurugenzi anataka mikupuo mikubwa, yaani vipande vingi vya aina moja kwa mpigo, ili isisimame mara kwa mara, ilhali watu wa mauzo wanalalamika kwamba ghala limejaa ndoo huku mabeseni yakikosekana. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, inategemea jambo ambalo hukulitaja: je, mashine hiyo ina saa za ziada, au inazunguka usiku na mchana na bado oda zinabaki?

Kanuni ya kukadiria ukubwa wa mkupuo ilichapishwa na Ford W. Harris, mhandisi wa Marekani, mwaka 1913. Zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya badiliko moja, zidisha tena kwa 2, gawanya kwa gharama ya kutunza kipande kimoja ghalani mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme, kwa mfano tu, mnauza ndoo 24,000 kwa mwaka, na ndoo moja ikilala ghalani mwaka mzima inawagharimu shilingi 400, yaani riba ya fedha iliyofungwa humo, nafasi na uharibifu.

Ugumu uko kwenye gharama ya badiliko. Wengi huingiza humo mishahara ya mafundi, nami sikubaliani nao kabisa, kwa kuwa fundi anayelipwa kwa mwezi atapokea kiasi kilekile moldi ibadilishwe mara moja au mara kumi. Kinachopotea kweli ni plastiki inayomwagwa wakati wa kusafisha rangi ya zamani, pamoja na umeme. Tuseme shilingi 30,000. Mashine ikiwa na saa za ziada, gharama inaishia hapo, na mkupuo unaofaa ni ndoo 1,900 hivi. Lakini ikiwa imebanwa na oda, kila saa inayosimama ni mauzo yaliyopotea: saa 3, ndoo 60 kwa saa, faida ya shilingi 500 kwa ndoo baada ya kutoa malighafi na umeme, jumla 90,000. Gharama inakuwa 120,000 na mkupuo unapanda hadi 3,800 hivi. Kwa hiyo mashine ikiwa imebanwa, mkurugenzi ana hoja. Ikiwa na nafasi, watu wa mauzo ndio wenye hoja.

Msihangaike kutafuta namba kamili, kwani hata mkizalisha mara mbili ya kiwango bora, gharama za kubadilisha na kutunza kwa pamoja hupanda kwa asilimia 25 tu. Pangeni pia rangi kutoka nyeupe kwenda njano, bluu, kisha nyeusi, maana kutoka nyeusi kurudi nyeupe ndiko kunakomwaga plastiki nyingi.

Hata hivyo, ningeanza na zile saa 3 zenyewe. Shigeo Shingo, mhandisi wa viwanda wa Japani, alieleza jinsi badiliko la kalibu kwenye mashine za kukandamiza chuma za tani 1,000 kule Toyota lilivyoshushwa kutoka saa 4 hadi dakika 90, halafu dakika 3, hasa kwa kufanya maandalizi mashine ikiwa bado inafanya kazi. Kwenu, moldi inayofuata iwe imeshasafishwa, imepashwa moto na kusogezwa kando ya mashine, boliti na mipira ya maji vikiwa tayari, kabla ndoo ya mwisho haijatoka. Mkifikia saa 1, mkupuo bora wa mashine iliyobanwa unashuka kutoka 3,800 hadi kama 2,700, na mabeseni yatapata zamu yake mapema zaidi.