Kwa nini jeshi la Marekani linatafiti malaria Kenya?
Umeuliza jeshi la Marekani linatafuta nini katika maabara za malaria kule Kisumu. Kwanza kabisa linawalinda askari wake: mwaka 2003, makumi ya askari wa majini waliotua Liberia kwa siku chache tu waliugua malaria, na damu yao ilipopimwa ikaonekana kuwa na kiwango kidogo mno cha meflokwini, kidonge cha kukinga malaria kinachomezwa mara moja kwa wiki ambacho, ajabu ni kwamba, kilibuniwa na taasisi ya utafiti ya jeshi lao wenyewe, Walter Reed. Hata hivyo, nasi Wakenya tumefaidika, kwa kuwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo taasisi hiyo ilishiriki kuitengeneza na kuijaribu Kombewa, karibu na Kisumu, pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilianza kutolewa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya Septemba 2019.