Mwalimu wa Chuo Anajibu: "Nimepata GPA ya 2.4 na Baba Bado Anasubiri Matokeo"

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa kwanza, shahada ya uhasibu na fedha, katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kwetu ni Kasulu. Kidato cha sita nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) nikapata divisheni wani ya pointi 5. Nilitangazwa kanisani, baba akachinja mbuzi.*

*Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka. Kozi ni tano na zote zina uzito sawa. Hesabu nimepata B+, usimamizi B, stadi za mawasiliano C, uchumi C ya 47, na uhasibu D ya 38. GPA, yaani wastani wa madaraja kati ya 5, ni 2.4, na sapu juu yake, mtihani wa kurudia uhasibu. Uhasibu: jaribio la kwanza 4 kati ya 15, la pili 7 kati ya 15, kazi ya kikundi 5 kati ya 10, mtihani wa mwisho 22 kati ya 60. Uchumi: alama za muhula 23 kati ya 40, mtihani 24 kati ya 60.*

*Mwalimu, sikuwa mvivu. Nilichelewa kufika kwa sababu ya hela, nikaripoti wiki ya tatu, lakini baada ya hapo sikukosa kipindi. Nilipiga msuli hadi saa nane usiku. Wenzangu wawili wa chumbani wanafanya maswali ya uhasibu huku wanapiga stori, mimi nakodoa macho. Nafikiria kuahirisha mwaka au kubadili kozi. Baba ananiuliza kila Jumapili, namwambia matokeo bado. Chakula hakipiti, mchana nashinda nimelala. Je, mimi ni kilaza niliyebahatisha kidato cha sita?*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Nashukuru kwamba umeniandikia alama zenyewe, jaribio kwa jaribio. Barua nyingi za aina hii hunijia na neno "nimefeli" peke yake, na hapo sina pa kushika. Yako ina pa kushika.

Nianze na hao wenzako wa chumbani, maana naona ndio wanaokuumiza kuliko hata hiyo D. Waulize leo jioni walisoma kombi gani. Sitashangaa wakikujibu ECA: uchumi, biashara na uhasibu. Mtu wa ECA amekaa na debiti na krediti miaka miwili kabla hujafika chuoni, na wengine walianza tangu kidato cha tatu. Wewe wa EGM umefungua leja kwa mara ya kwanza ukumbini, katikati ya watu mia kadhaa, na tena umeingia wiki ya tatu. Nimefundisha uchumi mwaka wa kwanza kwa miaka mingi na jambo hili nimeliona kila Novemba: mhadhiri anauliza "tuko pamoja?", wale wa ECA wanaitikia, basi anavuka sura ya kwanza haraka, na wale ambao sura hiyo ndiyo msingi wao wanabaki nje ya mlango mpaka Februari. Wala hawasemi, kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Sasa tazama alama zako za uhasibu kwa utulivu. Jaribio la kwanza umepata 4. Lilifanyika, nadhani, kama wiki ya tano au ya sita, yaani ulikuwa na majuma matatu hivi darasani. La pili umepata 7, karibu mara mbili. Kama na lile la kwanza ungepata 7, jumla yako ingekuwa 41, na 41 ni C. Alama 3 hizo zingetosha kukuvusha, na zimepotea wakati ule ulipokuwa Kasulu mnatafuta hela. Sisemi kwamba 41 ni alama nzuri. 22 kati ya 60 inaonyesha bado msingi haujakaa. Ila mtu aliyetoka 4 akafika 7 bila mtu wa kumwelekeza anajifunza. Hilo neno kilaza liondoe kinywani mwako.

Uchumi ni habari nyingine kabisa, ingawa kwenye karatasi C na D zinaonekana ni ndugu. Huko muhula mzima umefanya vizuri, 23 kati ya 40, halafu mtihani umekuangusha. Na wewe uchumi umeusoma kidato cha tano na sita. Kwa hiyo shida yako haipo kwenye kujua, ipo kwenye kujibu. Nikupe mfano wa swali ambalo nimelisahihisha kwa sura nyingi:

Bei ya sukari imepanda kutoka shilingi 2,500 hadi 3,000 kwa kilo. Mauzo ya Mangi mwenye duka kwa siku yameshuka kutoka kilo 100 hadi 90. Mshauri.

Mwanafunzi aliyezoea mitihani ya kidato cha sita anaanza kwa kueleza maana ya unyumbufu wa mahitaji (mauzo yanavyoitikia bei), kisha anaorodhesha aina zake, mstari kwa mstari kama zilivyo kwenye madesa, nusu ukurasa unaisha. Ndipo anakokotoa: bei imepanda asilimia 20, mauzo yameshuka asilimia 10, jibu ni 0.5. Anapiga mstari chini, anahamia swali la pili. Lakini swali lilisema mshauri! Mangi hana haja na aina za unyumbufu. Anataka kujua kama amepata au amekosa. Kilo 100 kwa 2,500 zilimpa 250,000. Kilo 90 kwa 3,000 zinampa 270,000. Wateja wamepungua kidogo kuliko bei ilivyopanda, kwa hiyo mapato yameongezeka, na faida pia kama bei anayonunulia haijapanda, maana ananunua kilo 10 pungufu. Halafu unaongeza kwamba hayo ni kweli ikiwa duka la jirani nalo limepandisha. Sentensi hizo za mwisho ndizo zenye alama nyingi, na ndizo ambazo kwenye karatasi nyingi hazipo.

Kaombe karatasi zako za majaribio uone kama ndivyo ulivyofanya. Majaribio hurudishwa, na kama hayakurudishwa, mfuate mhadhiri saa zake za ofisini. Usiende kuomba alama. Nenda na karatasi, mwonyeshe swali moja, muulize: "Hapa ilitakiwa niandike nini zaidi?" Wahadhiri huwa na haraka, lakini swali la namna hiyo halichukui dakika tano, na sijamwona mwenzangu aliyelikataa. Ukiwa huko, hakiki pia kama alama zote za muhula zimeingizwa sawasawa kwenye mfumo. Mara mojamoja jaribio la mtu hukosekana, na muda wa kulalamika ni mfupi.

Kuhusu uhasibu, rudi kwa hao hao wa chumbani. Najua unaona aibu. Lakini wewe una B+ ya hesabu na umesoma hisabati kamili, wakati wengi wa ECA walisoma BAM tu, hisabati tumizi ya msingi, na somo la takwimu liko mbele yenu. Una cha kuwapa. Kaeni kimbwetani jioni mbili kwa wiki, moja wao wakufundishe kuandika muamala pande zote mbili mpaka urari ukae, yaani pande zilingane, nyingine wewe uwafundishe hesabu. Na wewe ndiwe ushike kalamu siku ya uhasibu. Kumtazama mtu anayejua akifanya hakukupi kitu, umekwisha kuliona hilo chumbani. Saa nane za usiku ziache. Ulikuwa unasoma maelezo ya mtu mwingine, na uhasibu haukubali kusomwa kwa macho.

Sapu kwa vyuo vingi hufanyika mwishoni mwa mwaka, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na daraja la juu kabisa unaloweza kupata ni C. Soma kanuni za chuo chako uwe na uhakika. Maana yake ni kwamba sapu ni kazi ya likizo, na muhula wa pili ndio kazi ya sasa hivi. Wapo wanaobeba sapu moja kwa uchungu mpaka wanaongeza nyingine mbili. Jaribio la kwanza la muhula huu liko karibu, na safari hii umekuwepo tangu wiki ya kwanza.

Sasa hesabu ambayo nadhani hujaifanya. Ukivuka sapu kwa C, muhula wako wa kwanza unakuwa 2.6. Shahada yako ni mihula sita. Mihula mitano iliyobaki ukipata wastani wa 3.7, tukichukulia kozi zinabaki na uzito ule ule, unamaliza na 3.5, na 3.5 ni daraja la pili la juu. Wastani wa 3.7 ni B+ nyingi na B chache, mtu wa pointi 5 anaufikia. Daraja la kwanza sitakudanganya: linaanzia 4.4, na ungehitaji karibu 4.8 kila muhula kuanzia sasa. Hilo limekuwa mbali, na una haki ya kulisikitikia. Lisikitikie, ni hasara ya kweli.

Kuahirisha mwaka sikushauri. Utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya ugonjwa, uzazi na matatizo mazito, na ukirudi utaukuta uhasibu ule ule ukikusubiri. Kubadili kozi nako huwa na muda wake, wiki za mwanzo wa mwaka; nje ya hapo ni kuomba udahili upya na kuanza sifuri, na mkopo kama unao unaingia mashakani. Ungeniambia huupendi uhasibu tungezungumza mengine. Hujaniambia hivyo.

Baba. Mpigie kabla ya Jumapili, jioni akiwa ametoka shambani ameshakula. Usitume ujumbe wala usimtume mjomba. Msalimie, kisha sema hivi: "Baba, matokeo yalitoka, nilikuwa naogopa kukuambia. Masomo manne nimefaulu, moja nimeanguka, nitalirudia mwishoni mwa mwaka. Sijafukuzwa, naendelea." Hapo nyamaza, mwache aseme. Habari za GPA mweleze baadaye akiuliza. Mzazi aliye mbali akisikia "nimefeli" anaona mtoto amerudishwa nyumbani, kwa hiyo mwambie mapema kwamba unaendelea. Anaweza kukasirika, hasa kwa kudanganywa, na hapo umwombe radhi bila kujitetea. Na kama una mdogo wako anayesoma, mwambie hiyo habari ya ECA na EGM kabla hajajaza machaguo yake ya kombi. Hakuna aliyekuambia wewe, na ingekusaidia sana.

La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi. Kutokula na kulala mchana kutwa si tabia yako, inaonekana kwenye barua. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kesho, uliza mtu wa unasihi, mwambie hayo uliyoniambia. Huhitaji kuwa na kesi ndipo uende. Na kama yamekujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho. Mwamshe mwenzako wa chumbani usiku huo huo umwambie.

*Mwalimu, mimi ni mzazi, niko Tabora. Kijana wangu anasoma Dar es Salaam, anaishi kwa shangazi yake. Nimesikia kwa watu kwamba alidisko, yaani chuo kilimwondoa kwa kufeli, tangu mwaka jana. Kila asubuhi anabeba begi anaondoka. Hela ya matumizi nimeendelea kutuma. Nimfukuze kwa shangazi yake?*

Hapana mzazi mwenzangu, usimfukuze. Kwanza hujapata uhakika, una maneno ya watu. Panda basi uende, mkae wawili bila shangazi, umwambie umesikia, na umwombe akuonyeshe barua ya chuo na matokeo yake. Kijana anayebeba begi kila asubuhi hana pa kwenda, anateseka mchana kutwa mahali fulani. Ukimtupa nje sasa atapata sababu ya kutorudi kwako kabisa.

Kama kweli alidisko, muda wa kukata rufaa bila shaka umepita, lakini anaweza kuomba udahili upya au kozi nyingine kwa taratibu za TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, au aombe diploma. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka. Kabla ya hapo mtafutie kazi ya kufanya, hata dukani. Hela ya matumizi ipunguze, usiikate. Swali la kumuuliza ni alikwama somo gani na tangu lini. Utaona kwamba ilianza na muhula wa kwanza, kozi moja au mbili ambazo hakumwambia mtu.