Barafu kwenye ndege: shida si uzito, ni umbo la bawa

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Inakuwaje barafu nyembamba kama ganda la yai iangushe ndege ya tani mia, na kwa nini huku kwenye baridi ndege zinapulizwa dawa kabla ya kuruka wakati Dar hatulioni jambo hilo. Wadau kadhaa hapo juu wamejibu "uzito". Hapana, wakuu. Nimepuliza dawa hiyo majira matano ya baridi hapa uwanja wa ndege wa Minneapolis, Marekani, na somo la kwanza nililopewa ni kusahau habari ya uzito.

Bawa linainua ndege kwa umbo lake. Hewa inatakiwa ipite juu yake imelishika vizuri. Sehemu ya mbele ikikwaruza kama msasa, hewa inaliachia mapema. Barafu ya namna hiyo inaweza kupunguza nguvu ya kuinua hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa hadi asilimia 40. Na ukiikusanya yote ukaiweka kwenye mizani, haizidi abiria wachache na mabegi yao.

Jambo hili lilijulikana kwa watu kuhatarisha maisha. NACA, taasisi ya serikali ya Marekani iliyokuja kuwa NASA, ililivalia njuga mwaka 1928, enzi marubani wa ndege za barua wakipita kwenye mawingu ya baridi usiku. Marubani wake wawili, Thomas Carroll na William McAvoy, waliruka kutoka Langley, Virginia, kukitafuta kile ambacho wenzao wote walikuwa wanakikimbia. Ripoti yao ya 1929 ilisema wazi: kinachoua zaidi ni bawa kuharibika umbo, kuliko mzigo wa barafu.

Hapo Langley pia walijenga handaki dogo la upepo lenye jokofu, yaani njia ya kupulizia hewa baridi kupima bawa, wakawa wanapaka mfano wa bawa vitu mbalimbali. Wengi tungedhani grisi au mafuta ndiyo jibu, maji yateleze yaende zake. Matokeo waliyochapisha 1930 yalikuwa kinyume: kila kitu kisichoyeyuka kwenye maji kilishindwa, na vilivyosaidia ni baadhi ya vile vinavyoyeyuka. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu, maana glaikoli, kemikali iliyo kwenye dawa ninayoipuliza, inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Inachanganyika na maji, mchanganyiko unakataa kuganda. Ile ya rangi ya chungwa tunaipiga ya moto kuondoa barafu iliyopo. Ya kijani ni nzito, inabaki juu ya bawa kuzuia mpya, kisha upepo unaifagia ndege inapokimbia kuruka.

Nisimulie usiku mmoja. Msimu wangu wa pili, ndege imetoka safari ndefu, mafuta kwenye matangi ya mabawa bado yana ubaridi wa juu kule. Nikalimulika bawa kutoka kwenye kikapu cha gari letu. Linang'aa, limelowa tu. Nikaripoti safi. Msimamizi wangu, mama wa makamo, akaniambia: vua glovu, gusa. Kidole kikateleza juu ya kitu kigumu kama kioo. Ilikuwa barafu angavu, usingeiona hata kwa tochi mbili. Barafu ya aina hiyo ndiyo iliyobanduka kwenye mabawa ya ndege ya abiria aina ya MD-81 huko Uswidi, Desemba 1991, ikaingia kwenye injini za nyuma, zote mbili zikafa. Mungu saidia wote walitoka hai. Tangu usiku ule sijawahi kuripoti bawa ambalo sijaligusa.

Sasa Dar. Ardhini hakuna theluji, kwa hiyo hakuna cha kupuliza. Lakini angani ni habari nyingine: hata kwetu, ukivuka mita 5,000 hivi uko chini ya sifuri, na matone ya mawingu yanaweza kubaki maji bila kuganda mpaka yagonge kitu. Kitu hicho ni ndege. Huko dawa yangu haifiki, kazi ni ya joto. Theodore Theodorsen na William Clay, watafiti wa NACA, walionyesha mwaka 1931 kwamba joto la moshi wa injini linaweza kuifanya. Mhandisi wa NACA, Lewis Rodert, akahangaika nalo miaka mingi, na mwaka 1941 akafanya majaribio ya kuruka na ndege aina ya Lockheed 12A yenye mabawa yaliyopashwa kwa joto hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majaribio yake yalifika mpaka hapa Minneapolis. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Collier ya 1946, tuzo ya Marekani ya mafanikio ya urubani na ndege. Ndege nyingi za jeti leo hazitumii moshi, zinachota hewa ya moto kutoka ndani ya injini, ila wazo ni lile lile.

Ukipanda tena, omba kiti cha dirishani karibu na bawa. Kwenye ndege nyingi utaona ukanda wa chuma kitupu mbele ya bawa, haujapakwa rangi. Nyuma ya ukanda huo ndipo hewa hiyo ya moto inapopita.