Mgeni Rasmi Asubiri Kwanza

Habari yangu ya kwanza chuoni ilikuwa na maneno kama mia nne, na mia na kitu kati ya hayo yalikuwa vyeo. Mgeni rasmi ni nani, amemwakilisha nani, ameambatana na nani, amewaasa vijana nini. Niliibandika mwenyewe kwenye gazeti letu la ukutani, pale njia ya kwendea kantini, kisha nikasimama pembeni kama mtu anayesubiri mwenzake, kumbe nataka kuona nani anasoma. Msichana mmoja wa hosteli yetu aliisoma yote huku ameshika sahani ya wali, akanigeukia: "Dada, kwani ilichezwa ngoma gani?"

Sikuwa nimeandika. Saa tatu za ngoma, vumbi mpaka kwenye nywele, na sikutaja hata moja.

Nilisoma Bagamoyo miaka mitatu na yote mitatu nililiandikia gazeti lile: ngoma, maigizo, maji ya hosteli, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Chuo chenyewe sikitaji, maana kuna cheti changu sijaenda kukichukua. Ila kila mwaka wanaingia wadogo zangu wapya wanaotaka kuandika, wananitafuta, na mimi huwa narudia maneno yale yale. Leo nayaweka hapa.

Kwanza, mjue mlipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na mwaka 1982 likaanza tamasha. Siku hizi chuo hicho kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha linaendelea kuleta watu kutoka kila pembe. Mtu asiye na nauli ya kufika hata Chalinze anaweza kukaa hapa akaona bugobogobo ya Wasukuma, sindimba ya Wamakonde na zeze za Wagogo ndani ya wiki moja. Mzee Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyepeleka sauti ya ilimba, ala ile inayopigwa kwa vidole gumba, mpaka Ulaya, alifundisha hapa hapa, na baada ya kufariki kwake mwaka 2003 jamaa zake wameendelea kupiga. Hayo yote yako umbali wa kutembea kwa miguu. Ubaya wake ni kwamba vitu vikiwa vingi hivyo, mwandishi mchanga anaishia kuorodhesha: kikundi hiki kikafuatiwa na kile, kile kikafuatiwa na hiki, shughuli ikafungwa kwa dua.

Dawa yake ni kufika mapema, na ninaposema mapema simaanishi dakika kumi. Tangazo likisema saa kumi jioni, mgeni rasmi atafika saa kumi na moja na nusu. Wewe fika saa nane, kisha achana na viti vya mbele, zunguka nyuma ya jukwaa wanakokoka moto. Wapigaji wanakusanya makuti makavu, wanawasha, wanazipanga ngoma kuuzunguka moto kama watu wanaoota baridi. Ngozi ikipata joto inakaza. Mpigaji anaigonga kwa kidole, anatega sikio, anaigeuza kidogo, anagonga tena. Hana haraka. Siku ya unyevu, hasa upepo ukitoka baharini, ngozi inalegea mapema, na katikati ya onyesho utamwona mmoja anatoka na ngoma yake begani. Watazamaji wanadhani amechoka au amekosana na wenzake. Aliyefika saa nane anajua kwamba anairudisha motoni.

Na pale motoni ndipo watu wanapozungumza. Nani alimfundisha nani kupiga chapuo, nani ameacha mtoto anaumwa nyumbani, njuga za nani zimepotea kwenye basi, malipo ya safari iliyopita yalikuwaje. Mgeni rasmi akishafika, wote hao wanavaa nyuso za shughuli na hupati tena neno la maana zaidi ya "tunamshukuru Mungu".

Simdharau mgeni rasmi. Mpe sentensi moja, huko chini. Ila akiahidi kitu, hapo amekuwa habari. Andika ahadi ile kwenye daftari pamoja na tarehe, hesabu miezi mitatu, kisha nenda kaulize. Nilifanya hivyo mara moja kwa spika mbili zilizoahidiwa kikundi kimoja cha vijana. Zilikuwa hazijafika. Niliandika aya tatu tu, fupi kuliko zote nilizowahi kubandika, na watu waliisoma mpaka pini zikalegea. Wiki mbili baadaye spika ikaja. Moja.

Sasa nieleze aibu yangu kubwa. Mwaka wa pili niliandika kwamba lizombe ni ngoma ya Wamakonde. Niliandika kwa kujiamini kabisa, maana niliichanganya na sindimba niliyoiona siku ile ile. Siku chache baadaye napita Magomeni, mzee mmoja aliyekaa barazani na kikombe chake cha kahawa akaniita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Ni wewe uliyetuhamisha Songea ukatupeleka Newala?"

Wenzake wakacheka mpaka kashata zikawapalia. Mzee alikuwa Mngoni, amehamia pwani tangu ujana wake. Hakunigombeza. Alinivutia mkeka, akaniambia nikae kitako, akanieleza lizombe kwa saa nzima, akinionyesha miguu kwa vidole viwili juu ya goti lake. Tangu hapo sijaandika jina la ngoma bila kuuliza mambo matatu: ni ya kina nani, huchezwa kwenye jambo gani kwao, na hapa imepunguzwa nini ili itoshe jukwaani. Swali la tatu ndilo tamu. Ngoma iliyokuwa ya usiku kucha inachezwa dakika kumi, na wachezaji wenyewe wana maoni makali juu ya kilichokatwa. Waulize majina yao pia, wakutajie herufi kwa herufi. Mtu anaweza kukusamehe ukimwita mchezaji wa kawaida, lakini hakusamehi ukimkosea jina la baba yake.

Baraza zile za kahawa ndizo zilizonifundisha uandishi kuliko darasa. Lakini hufiki ukachomoa simu ukaanza kurekodi. Unasalimia wote, mmoja mmoja, unauliza hali, unanunua kahawa yako, unanyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe viwili kabla ya swali la kwanza. Vijana wa bodaboda walinicheka, wakadhani nimetafutiwa mchumba pale.

Na yako mambo ambayo si ya kalamu. Kwa kuwa ni mwanamke niliruhusiwa kuingia kwenye shughuli ya kumtoa mwali, na kweli niliona na kusikia mengi. Kabla sijakaa, mama mmoja mtu mzima akanishika mkono: "Mwanangu, kula, cheka, cheza. Daftari liache kwenye mkoba." Nililiacha. Mlezi wa gazeti letu aliposikia kwamba nilikuwemo akanisihi niandike hata kidogo, bila majina. Nilikataa, na sijajuta. Niliandika badala yake juu ya fundi anayewamba ngoma za shughuli hizo, kwa ruhusa yake, ikatosha.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Upepo wa pwani unakula sauti. Ivishe simu soksi, soksi safi tafadhali, utashangaa tofauti. Jaza chaji mchana, maana umeme hukatika siku ile ile ya onyesho. Usipige picha za watoto wanaocheza bila kumwona mzazi au mwalimu wao. Tembea na barua ya utambulisho ya chuo: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na wewe ni mwanafunzi, kwa hiyo usijitambulishe kama mwandishi wa habari ukaishia kujieleza mlangoni. Na naomba, kwa heshima zote, msifungue tena habari yoyote kwa kueleza kwamba jina la mji huu linatokana na "bwaga moyo". Tumeshabwaga vya kutosha.

Habari za chuoni zinataka jicho lile lile la nyuma ya jukwaa. Muhula mmoja bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa. Kila mtu alikuwa analizungumzia, na mwenzangu aliyepewa habari hiyo alikwenda kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, akarudi na "tunaomba muwe watulivu, suala linashughulikiwa". Ikabandikwa hivyo, haikusomwa. Mimi nilikwenda kwa mama ntilie wa nje ya geti. Aliitoa daftari yake chini ya sufuria. Majina 41 ya wanaokula kwa mkopo, mengine yamefika sahani kumi na tano, na yeye mwenyewe anadaiwa mchele dukani. Aliniambia, "Mwanangu, nikiwanyima watakula wapi? Lakini na mimi bumu langu ni ninyi." Sikutaja jina hata moja la kwenye daftari. Halafu ndipo nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, nikampa nafasi ya kujibu, nikaandika siku na saa niliyomwona. Hilo msiliache kamwe, hasa mnapoandika juu ya chuo chenu wenyewe. Niliitwa ofisini siku iliyofuata, nikaulizwa kama nilimsikiliza kila mtu. Nilifungua daftari nikawaonyesha tarehe. Mazungumzo yakaisha, tukanywa chai.

Limebaki la bahasha, na hapa sina pa kujificha. Mwaka wangu wa kwanza, mwandaaji wa onyesho moja mjini aliniita pembeni akanikunjia noti ya elfu kumi kiganjani. "Nauli, mdogo wangu." Nauli ya kutoka pale hadi hosteli ilikuwa miguu yangu. Nilipokea. Nilikula chips mayai na soda, nikabakiwa na chenji ya bando.

Usiku nikiwa naandika, nikafika kwenye sehemu niliyoisikia motoni: wachezaji hawajalipwa onyesho la mwezi uliopita. Saa nne simu ikaita. Ni yeye. Sijui nani alimwambia. "Mdogo wangu, ile habari yetu itatoka lini? Halafu hayo mengine madogo madogo, tusiyaweke, eeh?" Alisema "yetu". Nilikaa na simu mkononi nikitazama karatasi ya chips.

Sikuwa na elfu kumi. Niliazima kwa yule msichana wa sahani ya wali, aliyekuwa ameshakuwa rafiki yangu, nikamrudishia yule kaka kwa simu, na ya kutolea juu yake. Nikampigia kesho yake asubuhi kumuuliza rasmi kuhusu malipo ya wachezaji, hakupokea. Nikaandika kwamba hakupokea. Saa saba mchana, habari ikiwa imeshabandikwa, ujumbe wake ukaingia: "Asante mdogo wangu, ila ya kutolea umezidisha."